Shajara ya mradi: kugawana maji ya Kunduchi, kaskazi hadi kusi

Januari, wiki ya kwanza

Kaskazi imeshika. Utabiri wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, kila jioni unarudia maneno yaleyale, upepo wa pwani kutoka kaskazini mashariki, na ikifika saa nane mchana maji ya Kunduchi, hapa Dar es Salaam, yamejaa kila aina ya chombo. Ngalawa zinarudi na samaki, boti za kisiwa cha Mbudya zinapeleka na kurudisha watu, vijana wa kaiti, wanaovutwa na tiara kubwa, wako hewani, watoto wanaogelea wameng'ang'ania madumu, na katikati ya wote hao tunakatiza sisi wa mbao za tanga.

Kwa asiyetujua: ubao wa tanga ni wa kusimamia, una mlingoti uliofungwa kwa kiungo kinacholala kila upande, na hauna usukani. Ukitaka kupanda upepo, yaani kuelekea unakotoka, unalaza tanga nyuma, ukitaka kushuka unalilaza mbele, na mikono yote miwili iko kwenye mpini. Ukiliachia linaanguka majini na ubao unasimama. Hiyo ndiyo breki, hakuna nyingine.

Mradi wenyewe ni huu: tuchore ramani ya maji haya, nani anapita wapi, tukubaliane na watu wa diko, pale ngalawa zinapotua, kisha tusimamishe kibao ufukweni ambacho mgeni atakisoma kabla hajalowanisha miguu. Lengo ni kumaliza kabla kusi, upepo wa kutoka kusini, haijaingia.

Hakuna ajali iliyotusukuma, tunashukuru. Kundi limebadilika tu. Zamani wote tulikuwa na mbao kubwa za mtumba tulizonunua kwa wageni waliokuwa wanahama mji, wote tunakwenda polepole, wote tunaanguka palepale. Sasa kila mmoja ana mtindo wake na vifaa vyake, lakini watu wa diko bado wanatuita "wale wa matanga" na wanadhani wakishajua tabia ya mmoja wamewajua wote. Kosa si lao. Kwa mbali tanga ni tanga.

Januari, katikati: nani anataka maji gani

Nimepewa kazi ya kuandika mitindo yetu kwa namna ambayo mvuvi ataielewa, maana yake nisitaje sifa za vifaa bali niseme kila mmoja anaudhi vipi. Vijana hawakupenda nilivyoanza, ila wameniachia niendelee.

Anayejifunza anapewa ubao wa ujazo wa lita 200 na ushei, mpana karibu mita moja, na tanga dogo la mita za mraba tatu au nne. Hana kasi ya kumtisha mtu. Tatizo lake ni kwamba hajui kupanda upepo, kwa hiyo kila akianguka na kuinuka amesogea chini kidogo, na baada ya saa moja unamkuta anarudi kwa miguu ufukweni akiburuta ubao. Ukimwanzishia upande wa juu wa diko, upepo utamchukua moja kwa moja hadi kwenye ngalawa zilizotia nanga, na kamba za nanga zile hazionekani.

Wa matembezi ndio wengi, na hawana mambo. Lita 110 hadi 150, tanga la mita sita au saba, kwenda na kurudi kwenye mstari mmoja. Kila mtu baharini anaweza kubashiri watakuwa wapi dakika moja ijayo, na hiyo ni nusu ya adabu.

Wa mbio wanatumia njia ileile kwa kasi ya daladala iliyochelewa kwenye Barabara ya Bagamoyo. Hugeuka kwa kupitisha tezi, yaani nyuma ya ubao, kwenye upepo, wakichora upinde mpana ambao mtu aliye chini yao hautarajii. Nimewaambia wageukie mwisho wa maji, nje ya njia ya wengine, na wakaitikia kama wanavyoitikia vijana wote.

Wa sarakasi wanataka maji laini na ubao mfupi wa lita 90 au 100 wenye pezi dogo chini yake. Wanaruka, wanauzungusha ubao hewani mpaka tezi itangulie, wanateleza kinyumenyume, na mara nyingi wanaishia ndani ya maji. Vulkani, spoku, flaka, wana majina ya kila kitu. Usumbufu wao ni mmoja: wanasimama ghafla. Wewe unayemfuata kwa karibu ulikuwa na mtu anayekwenda, sasa una mlingoti uliolala na kichwa kinachoibuka.

Wa mawimbi hapa kwetu wana njaa. Miamba na visiwa vinavunja mawimbi ya bahari kuu kabla hayajafika ufukweni, hivyo wanangojea siku za upepo mkali na maji kujaa, wakipata ya kuchezea wanashukuru. Nimeiandika desturi yao hata hivyo, kwa sababu wanaifuata popote waendapo: anayetoka nje akiyavuka mawimbi apishwe na anayeteremka na wimbi, maana anayeteremka ndiye mwenye nafasi ya kugeuka. Na wimbi moja, mtu mmoja.

Foili ndiyo iliyonilazimu nikae na kufikiri. Mahali pa pezi pameshuka nguzo ya karibu mita moja, na mwisho wa nguzo kuna bawa. Ukipata mwendo kidogo bawa linauinua ubao wote hewani, na unabaki unaelea juu ya maji bila kuyagusa. Ndio mtindo uliotumika Olimpiki ya 2024, mashindano yakifanyika Marseille: tanga la mita tisa kwa wanaume, nane kwa wanawake, ubao wa upana wa sentimita 95. Mbao za tanga ziliingia Olimpiki Los Angeles mwaka 1984 kwa wanaume peke yao, wanawake wakangoja hadi Barcelona 1992, na vifaa vimebadilishwa mara kadhaa tangu hapo. Kijana wetu mmoja aliyeangalia Marseille kwenye simu ndiye chanzo cha nusu ya vikao vyetu, kwani alitafuta foili ya mtumba mpaka akaipata.

Ubao wa kawaida ukishika kasi unausikia unavyopiga maji. Foili ni kimya. Inakwenda kwa upepo ambao sisi wengine tumekaa mchangani tunaulaani, kwa hiyo mvuvi hana habari kwamba kuna mtu majini. Inapanda upepo kwa pembe kali kuliko sisi na kuteremka kwa pembe kali vilevile, kwa hiyo njia yake inakata za wote. Na bawa likinasa mwani au likigonga fungu la mchanga, ubao unasimama, mtu haachi kwenda. Anarushwa mbele. Maji yakipwa hapa kwetu, hiyo siyo habari ya "kama" bali ya "lini".

(Kuna wengine wa kasi tupu, wanaotaka kupimwa tu. Lüderitz, Namibia, walichimbiwa mfereji wao ufukweni. Antoine Albeau alifika noti 53.27 pale mwaka 2015, karibu kilomita 99 kwa saa. Hao hawagawani maji na mtu, kwa hiyo hawahusiani na mradi huu. Nimewataja kwa wivu.)

Januari, mwishoni: dikoni

Tulikwenda asubuhi baada ya mnada, wakati watu wametulia. Mwenyekiti wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za pwani, BMU, alitupokea vizuri, ila aliyetufundisha ni nahodha mmoja mzee ambaye hakuwa hata kwenye kikao. Alikuwa anashona.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Nyinyi ndio wa matanga ya plastiki?"

Nikamweleza shida yetu, nikamuuliza anapenda tumpite vipi. Hakujibu. Aliita vijana wawili wakapandisha tanga la ngalawa yake palepale mchangani, akaniambia nikae tezini nishike mpini wa usukani. Tanga lile la pembe tatu, lenye kiraka kikubwa cha turubai la bluu, likajaa upepo na kushuka hadi karibu na ubavu. Upande wa joshi, upepo unakotoka, naona mpaka Mbudya. Upande wa demani, upepo unakoelekea, sioni kitu: kitambaa, kamba, na kipande cha maji karibu na matengo, zile mbao za pembeni za ngalawa.

"Sasa mwenzio anakuja huko," akasema, akionyesha nyuma ya tanga. "Umemwona?"

"Sijamwona."

"Na mimi simwoni. Nikisikia 'pwa!' ndio nimemwona."

Halafu akaeleza kugeuza. Ubao wetu unageuka kwa pumzi moja. Ngalawa yake ikitaka kuchukua upepo kwa ubavu wa pili, inaachiwa iteremke, kamba ya demani inafunguliwa, na baharia anaibeba foromali, mti unaoshika tanga, pamoja na tanga lenyewe kuzizungusha mbele ya mlingoti. Upepo ukiwa mkali na baharia akiwa mtoto, ni shughuli ya kukaa nayo mbali. Hawezi kuifanya kwa sababu kijana ametokea mbele yake anacheka.

Pale ndipo mradi ulipopata uti wa mgongo. Tulikuwa tunapanga kuandika nani ana haki. Ninavyoona sasa, swali la kwanza kwenye kibao liwe: huyu aliye mbele yako anaweza kugeuka? Ngalawa hawezi upesi. Anayejifunza hajui. Wa sarakasi ameanguka. Mwenye nyavu majini amefungwa na nyavu zake. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini, za 1972, zinakwenda njia hiyohiyo: chombo cha tanga kinampisha aliye kwenye uvuvi kwa nyavu au zana zinazomzuia kugeuka, na yeyote anayempita mwenzake kwa nyuma ndiye anayetafuta nafasi. Mzee hakuzisoma kanuni hizo, hakuzihitaji.

Tuliyokubaliana: ngalawa inapitwa nyuma ya tezi au kwa upande wa joshi, kwa mbali, demani yake hapapitwi. Boya la dumu likionekana, hesabu kuna wavu mpaka uone boya lake la pili. Wao nao watafunga kitambaa chekundu kwenye maboya ya jarife, nyavu zao zilizo karibu na ufukwe, kwa sababu pezi letu likinasa ni hasara kwa wote wawili.

Februari: kulia na kushoto

Sasa sisi kwa sisi. Mbao mbili za tanga zinapokutana uso kwa uso, sheria ni ile ya vyombo vyote vya tanga: anayepokea upepo kwa ubavu wa kushoto anampisha anayeupokea kwa kulia. Huhitaji kuangalia upepo hata kidogo, angalia mikono. Mkono wa kulia ukiwa mbele, karibu na mlingoti, una haki. Wa kushoto ukiwa mbele, pisha. Wote mkipokea ubavu mmoja, aliye juu ya upepo ampishe aliye chini, na awe macho, kwa kuwa tanga lake linamficha wa chini kama la mzee lilivyomficha mwenzake, hata kama matanga yetu yana dirisha la plastiki angavu.

Mpaka hapo hakuna mgogoro. Mgogoro ulianza tulipochora ramani. Ukisimama Kunduchi ukitazama bahari, kaskazi inatoka kushoto kwako mbele. Anayetoka ufukweni anaipokea kwa kushoto, kwa hiyo kwenye kaskazi anayetoka anampisha anayerudi. Kusi inatoka kulia. Anayetoka ufukweni anaipokea kwa kulia, kwa hiyo kwenye kusi anayerudi ndiye anampisha anayetoka. Maji ni yaleyale, na haki inageuka mara mbili kwa mwaka.

Halafu ongeza desturi ya mawimbi, inayompa haki anayetoka siku zote. Kwenye kusi inaafikiana na sheria. Kwenye kaskazi zinagongana. Tulibishana jioni nzima, chai ikapoa, na tukaamua hivi: ndani ya mawimbi yanayovunjika, kule mbele, desturi ya mawimbi, maji mengine yote, mkono wa kulia. Wapo wawili hawajaridhika mpaka leo.

Na mahali pa kuanzia nako kunageuka. Kwenye kaskazi anayejifunza husukumwa kuelekea kusini, kwa hiyo aanzie kusini mwa diko ili akisombwa asombwe mbali na ngalawa. Kusi ikivuma aanzie kaskazini mwa diko. Ndipo fundi wetu wa mbao aliposema la maana kuliko wote: kibao kiwe cha pande mbili, kwenye mhimili, kama vile vya dukani vya kufungua na kufunga. Upande mmoja kaskazi, wa pili kusi. Anayefika kwanza msimu ukibadilika anakigeuza.

Februari, mwishoni: kaiti

Kikao kifupi, wao ni wastaarabu kuliko sifa zao. Wengi wamejifunzia Paje, Zanzibar, ambako kaiti ni nyingi kuliko ngalawa, na wamezoea kupangana. Mambo yao ni haya: kamba zina urefu wa mita 20 hadi 25, kwa hiyo mtu wa kaiti hayupo pale alipo tu, yupo na pale kaiti yake ilipo. Wanapopishana, aliye juu ya upepo anapandisha kaiti, aliye chini anashusha. Sisi hatuna cha kupandisha. Mlingoti wetu una urefu wa mita nne na ushei na unaingia kwenye kamba bila kuomba ruhusa.

Makubaliano: ubao wa tanga ukikutana na kaiti upite juu ya upepo, nyuma ya mgongo wa mtu, kamwe si chini ya kamba. Kaiti zirushwe na kushushwa upande mmoja tu wa ufukwe, mbali na wanaokaanga samaki. Hili la mwisho lililetwa na mama mmoja wa kukaanga ambaye kamba iliwahi kupita juu ya karai lake la mafuta, na hakuna aliyethubutu kumpinga.

Aprili: masika na maleleji

Mvua. Upepo hauna msimamo, leo huku kesho kule. Kibao kimekatwa na kupakwa rangi ya kwanza ya mafuta. Maboya ya madumu yamefungwa kamba na mawe, yatawekwa mvua zikipungua.

Kimya hiki kimetupa nafasi ya kushughulikia boti za Mbudya. Kwenye karatasi, boti ya injini inapisha tanga. Lakini kanuni zilezile zinasema chombo cha tanga kisizuie chombo kisichoweza kupita salama ila ndani ya mkondo mwembamba, na wakati wa bamvua, siku za maji kujaa na kupwa sana, maji yakipwa, mnamo saa nne asubuhi, boti iliyojaa abiria hapa ina njia moja tu kati ya fungu na mwamba. Kudai haki pale ni ukaidi. Tumeweka mstari kwenye ramani kwa rangi nyekundu: njia ya boti haikaliwi, haifanyiwi sarakasi, inavukwa kwa kukata moja kwa moja. Waendeshaji wameahidi kupunguza mwendo ndani ya maboya. Tutaona.

Kuhusu Mbudya yenyewe, ni eneo la hifadhi tangu 1975, pamoja na Bongoyo na visiwa jirani. Ukifika kwa ubao umefika kama mgeni mwingine yeyote: kuna ada, na matumbawe hayakanyagwi. Wa matembezi wanaipenda safari hiyo. Nimeandika kwenye kibao wasiende peke yao.

Bamvua ina neema yake pia. Maji yanayopwa saa nne asubuhi ndiyo yanayojaa saa kumi jioni, saa ileile upepo unapokuwa na nguvu. Maji mafu, siku ambazo maji hayajai wala kupwa sana, ni kinyume: mchana yanapwa, ingawa hayapwi sana. Kwa foili tofauti hiyo ndiyo kila kitu, na tumeipa foili saa badala ya mahali: maji yakiwa chini ya alama nyeupe kwenye nguzo ya kibao, foili haishuki. Mwenye foili alinuna. Halafu akaenda mwenyewe kuipaka alama, juu zaidi ya tulivyosema.

Juni: kusi

Imeingia kwa kishindo. TMA imetoa angalizo la upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita mbili, na ngalawa nyingi zimebaki mchangani. Wa mawimbi wamefurahi kupita kiasi.

Nilikuta kibao kimeshageuzwa upande wa kusi. Aliyekigeuza ni mmoja wa vijana wa nahodha, si mtu wetu, na alikuwa ameongeza kwa chaki kitu ambacho sisi hatukukiweka: mshale unaoonyesha zinakoingilia ngalawa wakati huu, ambako ni tofauti na kwenye kaskazi kwa sababu ya mkondo. Mshale utapakwa rangi ya kudumu.

Yanayofanya kazi: wanaojifunza wanaanzia mahali pao mapya na hawajaonekana kwenye kamba za nanga. Mkono wa kulia umeeleweka hata kwa watoto, wanaupigia kelele kutoka ufukweni, wakati mwingine kwa makosa. Vitambaa vyekundu vipo kwenye baadhi ya maboya, siyo yote, na sitegemei viwe kwenye yote. Kitambaa ni fedha.

Yasiyofanya kazi: wa mbio bado wanageukia popote. Boti zinapunguza mwendo zikiwa na abiria wageni, zikirudi tupu hazipunguzi. Nimeomba waendeshaji tukutane tena, safari hii wapande mbao zetu wenyewe, hata kwa dakika chache, wajue ukiwa umeanguka na tanga limekulalia juu boti inaonekanaje ikija. Wawili wamekubali. Wa tatu anasema hajui kuogelea, kwa hiyo tunamtafutia jaketi la kumtosha.

Kilichobaki kabla ya Desemba: boya la njia ya boti lililokatika lirudishwe, mshale upakwe rangi, na tukae na wa mbio tuwapangie boya lao la kugeukia, nje kabisa, mahali ambapo kina kinatosha hata maji yakipwa. Fundi anasema mhimili wa kibao umeanza kutu na unahitaji grisi.